Namna ya Kupima Asidi Amino Zilizomo Ndani ya Vakuoli ya Seli ya Jani

Nimeandika utaratibu huu baada ya kumsaidia mwanafunzi wa uzamili hapa Nairobi, ambaye alikuwa akisaga jani zima na kutarajia kueleza usafirishaji wa asidi amino, yaani vijenzi vya protini, ndani ya seli. Nyingi za asidi hizo huundwa katika kloroplasti, hupita kwenye saitosoli (umajimaji wa seli), na sehemu yake huingizwa katika vakuoli, kifuko kikubwa cha maji ndani ya seli, na protini za utando. Jani likisagwa, vyumba hivyo vyote huchanganyika; kwa hiyo hapa vakuoli hutengwa kwanza.

Hatua ya 1: Majani. Chuma majani machanga ya sukuma wiki uliyoipanda mwenyewe. Siyapendekezi kabisa majani ya Soko la Wakulima, kwa kuwa jani lililochumwa muda mrefu huanza kuvunja protini zake, na asidi amino zinazotoka humo huharibu kipimo kizima.

Hatua ya 2: Protoplasti, yaani seli zilizovuliwa kuta. Yeyusha kuta za seli kwa vimeng'enya vya selulasi na maserozaimu katika manitoli (alkoholi ya sukari) ya 0.5 M (moli kwa lita), pH 5.7, kisha chuja na usafishe kwa sentrifuji ya mwendo mdogo.

Hatua ya 3: Kupasua protoplasti, vakuoli zikibaki nzima. Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Bafa, yaani mmumunyo unaodhibiti pH, huwa na manitoli ya 0.2 M, Ficoll (polima ya sukari) asilimia 10 na EDTA (kemikali inayonasa ioni za metali), pH 8, nayo hupashwa hadi nyuzi 42 hivi. Ikipoa, protoplasti hazipasuki. Zikikaa humo kupita kiasi, vakuoli nazo hupasuka. Asubuhi za Julai, Nairobi inapokuwa na baridi, mirija huipoza bafa mara inapomiminwa; kwa hiyo pasha mirija pia, na upime joto ndani ya mrija wenyewe badala ya kuamini namba ya kifaa cha kupashia maji. Chukua tone kila baada ya dakika moja au mbili, ulitie rangi ya nyutrali redi, ambayo hunaswa ndani ya vakuoli kwa sababu ya uasidi wa vakuoli, na uangalie kwa hadubini. Saa ya ukutani haitoshi kuamua wakati wa kusimamisha. Hadubini ndiyo iamue. Protoplasti nyingi zikishafunguka, weka mirija kwenye barafu mara moja.

Hatua ya 4: Kuelesha. Weka juu yake tabaka la Ficoll asilimia 4, kisha bafa isiyo na Ficoll, zote zikiwa na shinikizo la osmosi linalolingana na la vakuoli. Baada ya sentrifuji, vakuoli hukusanyika mpakani mwa tabaka hizo mbili za juu.

Hatua ya 5: Hesabu. Pima alfa-manosidesi, kimeng'enya cha vakuoli, katika protoplasti na katika vakuoli ulizotenga. Gawanya kiasi cha kila asidi amino kwa kiasi cha kimeng'enya hicho katika sampuli zote mbili. Uwiano wa vakuoli ukigawanywa kwa ule wa protoplasti, unapata sehemu ya asidi hiyo iliyokuwa ndani ya vakuoli. Pima pia rubisko, kimeng'enya cha kloroplasti, ili ujue kama kloroplasti zimechafua sampuli. Kwa kuwa vakuoli zilizotengwa huendelea kuvujisha asidi amino, chukua sampuli kwa nyakati kadhaa na urudishe mstari wa grafu hadi wakati wa sifuri.