Kabla mpira haujakufikia, jua unaupeleka wapi

Vijana ninaowafundisha hapa Igombe, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, hawajafika miaka 15. Wanakuja uwanjani wakitoka shule, na msimu wa dagaa wengine wanapitia kwanza ufukweni kuwasaidia mama zao kuanua. Muda wetu ni mfupi, giza likiingia basi.

Zamani tulianza kwa kuzunguka uwanja mara kumi. Niliacha siku kiungo wangu alipopokea pasi macho yake yote yakiwa kwenye kiatu. Aliutuliza mpira vizuri kabisa, akageuka, akakutana na mpinzani kifua kwa kifua. Tukafungwa. Mguu wake haukuwa na kosa, ila hakujua nyuma yake kuna nani, na mimi sikuwahi kumfundisha kuangalia.

Sasa dakika 20 za kupasha misuli tunazitumia na mpira. Unahitaji mipira mitano na ndala za kuweka alama. Usitumie mawe, mtoto atategua kifundo.

Pima mraba wa hatua 20 kwa 20, weka wachezaji 12 na mipira mitatu. Wanakimbia taratibu kila upande, wanapasiana chini. Anayetaka mpira aite jina la mwenye nao, na kabla haujamfikia ageuze shingo aangalie nyuma ya bega. Mimi napita nyuma yao nikiinua vidole. Mpira ukiwa njiani namwuliza, "Vingapi?" Asipojua, anaurudisha kwa mguso mmoja kwa aliyempa. Siku za kwanza wengi hubahatisha, usiwakemee. Dakika tano zinatosha, kisha wachezeshe viungo: magoti juu, visigino nyuma, nyonga zizunguke.

Zoezi la pili ndilo ninalolipenda kuliko yote. Mraba wa hatua nane, wanne pembeni, mmoja katikati anakaba. Miguso miwili tu, anayepoteza anaingia kati. Hapa kocha usiangalie mpira, angalia miguu ya wasio nao. Mtoto akisimama nyuma ya mkabaji amejificha, hapasiki. Mwambie asogee hatua mbili kando ya mstari mpaka amwone mwenye mpira vizuri. Kisha afungue mwili: asimame kiubavu, mpira umpite mbele na aupokee kwa ndani ya mguu wa mbali. Akipokea kwa mguu wa karibu anakuwa amejifunga mwenyewe, kilichobaki ni kuurudisha ulikotoka. Anayepasi naye aupige kuelekea mguu huo wa mbali, kwa nguvu ya kutosha. Pasi laini ni zawadi kwa mkabaji.

Wakizoea, fanya watano kwa wawili na uongeze eneo hadi hatua kumi. Pasi inayopita katikati ya wakabaji wawili ihesabu pointi tatu, ya pembeni moja. Hapo utaona nani anafikiri. Wapo watakaolazimisha ile ya pointi tatu kila mara. Wakumbushe kwamba ya pembeni ndiyo huwavuta wakabaji na kuifungua ya katikati.

La mwisho ni mageti. Panga ndala ziwe mageti sita, kila moja upana wa hatua mbili. Wachezaji wako wawili wawili na mpira mmoja, wanapata pointi wakipasiana kupitia geti, ila si geti lilelile mara mbili mfululizo. Wakabaji wawili hawanyang'anyi mpira, wanakimbia kuziba mageti tu. Geti likizibwa, watafute jingine bila kusimama. Cheza dakika mbili, pumzika moja, rudia mara tatu, na badilisha wakabaji kila duru.

Jioni upepo wa ziwa ukivuma kwa nguvu, kataza kabisa mipira ya juu. Wachezaji wakiwa witiri, anayebaki mpe kazi ya kuinua vidole. Yule kiungo wangu hugombania kazi hiyo, na huwa anainua vidole kisha anavibadilisha ghafla, ili mwenzake aangalie mara mbili.