Namna ya Kuanzisha Bendi ya Posti-panki ya Kielektroniki Yenye Msimamo wa Kisiasa

Makosa ya bendi nyingi zenye siasa hufanyika kabla ala yoyote haijaguswa. Watu hukaa pamoja, huandika maneno makali kuhusu watawala, kisha huyatafutia mdundo wa kuyabeba, na kinachopatikana ni hotuba iliyosindikizwa na ngoma. Mwongozo huu unafuata njia ya kinyume, ambayo ndiyo iliyofuatwa na vikundi kadhaa vya posti-panki (muziki wa roki wa majaribio uliozuka baada ya wimbi la panki) vya Uingereza tangu mwishoni mwa miaka ya 1970: sauti yenyewe hutengenezwa kwanza, tena kwa namna inayomfanya msikilizaji ayatilie shaka mambo aliyoyazoea, na maneno, yakiwa machache, huingizwa mahali palipoachwa wazi.

Anza na watu. Watatu wanatosha na watano wamezidi, kwa sababu muziki huu unaishi kwa nafasi tupu na kila mtu wa ziada huja na hamu ya kuzijaza. Usitafute mafundi watupu. Cabaret Voltaire, iliyoanzishwa Sheffield mwaka 1973 na Richard H. Kirk, Stephen Mallinder na Chris Watson, ilianza kwa kuchezea mikanda ya sauti katika chumba cha darini, na nyimbo za kawaida zilikuja baadaye. Katika kikundi cha This Heat cha London, wawili walikuwa wanamuziki waliokwisha kukomaa, lakini wa tatu, Gareth Williams, aliingia bila mafunzo yoyote ya muziki. Asiyejua kanuni hupeleka mkono mahali ambapo fundi asingethubutu, na fundi hupata kazi ya kumjibu. Mchanganyiko wa namna hiyo una manufaa kuliko wapiga magitaa wanne waliofundwa kucharaza kwa mtindo mmoja.

Kabla ya zoezi la pili, kubalianeni kuhusu mgawo wa haki na mapato ya nyimbo. Ninashauri kila wimbo uandikwe kuwa mali ya wanabendi wote kwa mafungu sawa, kwa kuwa katika muziki wa aina hii ni vigumu kusema mtunzi ni nani: ni aliyepiga noti mbili za besi, au ni aliyezungusha kitufe cha kichujio (sehemu ya sintesaiza inayopunguza masafa fulani ya sauti) kwa dakika nne mpaka noti hizo mbili zikawa kitu cha kutisha? Bendi niliyokuwamo zamani ilivunjika kwa kugombea jina la mtunzi katika rekodi ambayo haikurudisha hata gharama za kuitengeneza, na nyimbo zote za rekodi hiyo zilikuwa za kulaani unyonyaji.

Kuhusu vifaa sitasema mengi, maana hapa ndipo watu wanapopoteza muda na fedha. Mnahitaji mashine ya ngoma, sintesaiza (ala ya kielektroniki inayotengeneza sauti) moja yenye vitufe vinavyozungushwa kwa mkono, gitaa la besi, gitaa jingine moja, maikrofoni mbili na kompyuta yenye programu ya kurekodi. Simu ya mkononi itafaa kwa kunasa sauti za nje. Vifaa vya bei ya chini visiwatie haya. Mashine ya ngoma ya Roland TR-808 iliingia sokoni mwaka 1980, ikakosolewa kwa kuwa ngoma zake hazikufanana na ngoma za kweli, na utengenezaji wake ukasimamishwa mwaka 1983; kasoro hiyo hiyo ndiyo iliyoifanya ipendwe na waliokuja kuinunua ikiwa mtumba. Basi msiifiche mashine. Msiiongezee vionjo ili ifanane na mpiga ngoma wa kibinadamu, kwa sababu ubaridi wake ni sehemu ya ujumbe: sauti isiyochoka wala kupumua, inayopiga vilevile iwe mwimbaji ananong'ona au anapiga kelele, inaeleza habari za kiwanda na za ofisi bila neno hata moja kutamkwa.

Sasa mdundo, ambao ndio kazi yenyewe. Wekeni mashine kwenye mapigo 112 kwa dakika na mchague sauti tatu tu: ngoma kubwa, kofi, na upatu uliofungwa. Pangeni mzunguko wa mapigo manane. Kisha mpiga besi atunge kifungu cha mapigo saba, akirudie bila kukibadilisha hata kidogo. Katika mzunguko wa kwanza vitu hivi viwili vitasikika kama vimeelewana. Katika wa pili besi itakuwa imetangulia kwa pigo moja, katika wa tatu kwa mapigo mawili, na msikilizaji ataanza kuhisi kwamba sakafu inasogea ingawa hakuna aliyekosea. Saba na nane hukutana tena baada ya mapigo 56, na kwa mwendo huo mapigo 56 ni nusu dakika kamili. Wimbo wa dakika nne utakuwa na makutano ya namna hiyo kila baada ya sekunde 30, na hapo ndipo pa kuingiza badiliko lolote mnalolitaka: sauti mpya, ukimya, au neno. Mpiga besi atatamani kujirekebisha ili aifuate ngoma, na wenzake watamtupia jicho. Asijirekebishe. Mizunguko miwili ya kwanza ni migumu, lakini ikishapita mwili huzoea, na mkono huendelea wenyewe.

Gitaa katika muziki huu lina kazi tofauti na ile ya gitaa la solo tulilolizoea, ambalo hupanda juu, hung'ara na kuimba. Sikilizeni jinsi Andy Gill wa Gang of Four, bendi iliyotoka Leeds, alivyokuwa akilitumia: mikung'uto mifupi, mikavu, inayokatwa kabla haijamaliza kulia, na mahali ambapo bendi nyingine ingeweka solo yeye aliweza kuacha shimo. Alichagua amplifaya za transista kwa sababu hakutaka ule uvuguvugu wa amplifaya za taa, yaani zile zinazotumia mirija ya kioo badala ya transista. Mpiga gitaa wenu na ajaribu zoezi hili: apige sehemu yake kama alivyoitunga, arudie akiondoa nusu ya noti, kisha aondoe nusu ya zilizobaki. Mara nyingi toleo la tatu ndilo linalofaa, na yeye ndiye wa mwisho kulikubali.

Sintesaiza iwekwe mbali na kazi ya kupamba. Chagueni sauti moja nzito ya chini au moja nyembamba inayokwaruza, na badala ya kupapasa tuni, mtu mmoja azungushe kichujio polepole muda wote wa wimbo. Mkitumia mwangwi, upimeni kwa hesabu: gawanyeni 60,000 kwa idadi ya mapigo kwa dakika, nanyi mtapata urefu wa pigo moja kwa milisekunde, ambao kwa mapigo 112 ni 536 hivi. Mkishajua namba sahihi, iharibuni kidogo kwa makusudi. Mwangwi uliolingana sawasawa na mdundo hulala usingizi.

Tufike kwenye sauti za watu, ambako siasa huingia waziwazi. Vikundi vya wakati ule vilikata mikanda ya redio na televisheni kwa wembe, vikaiunganisha kwa utepe wa gundi na kuizungusha ikawa lupu, yaani kipande kinachojirudia. Ninyi mtafanya vivyo hivyo ndani ya programu kwa dakika chache, ila nawasihi msikimbilie hotuba za wakubwa zinazojulikana na kila mtu. Tumieni lugha isiyo na mwenyewe: matangazo, fomu, masharti ya mkataba, maelekezo ya mashine ya kujibu simu. Chukulieni sentensi hii: "Wananchi wanaombwa kuendelea kuwa watulivu." Mmoja wenu aisome bila hisia, ninyi mrekodi. Kateni masafa yote yaliyo chini ya hezi 300 na juu ya hezi 3400, ambayo ndiyo mipaka ya simu ya kawaida, na sauti ya rafiki yenu itageuka kuwa sauti ya mamlaka. Sasa chukueni "wanaombwa" peke yake na kuirudia katika kila mzunguko wa ngoma. Baada ya marudio kumi msikilizaji ataanza kujiuliza swali ambalo Kiswahili chenyewe kimelificha ndani ya herufi moja, ile "w" ya mwisho: wanaombwa na nani? Anayeomba hayupo. Kauli ya kutendwa imemfuta. Ongezeni "kuendelea", kisha "kuendelea kuwa", na neno "watulivu" lizuieni mpaka sekunde ya mwisho kabisa, au msilitoe kamwe.

Kwa kazi hii lugha yetu ina hazina kubwa. "Imeamuliwa", "imebainika", "utaratibu utatangazwa", "waliohusika watachukuliwa hatua": kila moja ni kitenzi kilichofichiwa mtendaji wake, na kila moja ina mapigo yake yanayokaa vizuri juu ya mashine. Mwandishi wa maneno wa bendi na awe na daftari la kukusanyia misemo ya namna hii, kama mkusanyaji wa methali alivyo na lake.

Akiandika maneno yake mwenyewe, akwepe kauli zinazoweza kubandikwa kwenye bango bila kubadilishwa. Bango lina kazi yake, na wimbo una yake. Anayeimba "tumechoka kuonewa" amemaliza mjadala kabla haujaanza, kwani aliyeko upande wake atapiga makofi na aliyeko upande mwingine ataondoka, na wote wawili watabaki kama walivyokuja. Ni afadhali kusema kwa kinywa cha mtu aliye ndani ya jambo: karani anayegonga muhuri, mnunuzi anayejiuliza kwa nini amenunua, msimamizi anayeamini kwa dhati kwamba ni mwema. Gang of Four waliyatazama mapenzi, starehe na manunuzi kama mambo ya siasa, wakaliacha bunge kando. This Heat, katika albamu ya mwaka 1981 iliyojaa hofu ya vita vya nyuklia, waliimba maneno ya Tamko la Uhuru la Marekani la mwaka 1776 bila kuyaongezea maoni, na kuyaacha yajihukumu yenyewe katika mazingira ya sauti waliyoyajenga. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo njia ngumu na yenye nguvu kuliko zote, kwa kuwa ni vigumu mtu kukushtaki kwa kunukuu maandishi ya zamani yaliyo mali ya umma.

Kuhusu kushtakiwa, tusifanye mzaha. Hotuba iliyorekodiwa na kituo cha redio ina hati miliki ya kituo hicho hata kama msemaji ni mtu wa umma, na kumtaja mtu kwa tuhuma msizoweza kuzithibitisha kunaweza kuwapeleka mahakamani kwa kashfa. Ndiyo maana nimesema msome tangazo kwa sauti zenu wenyewe.

Katika mazoezi, rekodini kila kitu. Pigeni kwa dakika 20 bila kusimama, kisha nyamazeni msikilize pamoja, na mkubaliane sekunde 40 zenye uhai. Wimbo ujengwe kutoka hapo. Vipimo vya kurekodi visizidi desibeli 6 chini ya kikomo, kwa maana kelele mnazozitafuta zitoke kwenye ala na si kwenye mikseri iliyofurika. Yalindeni masikio. Desibeli 85 huvumilika kwa saa nane, lakini kila zikiongezeka 3 muda huo hupungua kwa nusu, hivi kwamba kwenye desibeli 100 mna dakika 15 tu, na chumba kidogo chenye amplifaya mbili hufika huko bila mtu kutambua.

Jukwaani, mashine moja iwe kiongozi wa mwendo na nyingine zote ziifuate. Mfumo wa MIDI, ambao ni lugha ya ala za kielektroniki kuwasiliana na umetumika tangu mwaka 1983, hutuma ishara 24 kwa kila pigo, na mashine mbili zikijifanya kiongozi kwa pamoja wimbo utasambaratika mbele ya watu. Mwelezeni fundi mitambo mapema kwamba mkwaruzo anaousikia ni wa makusudi, la sivyo atautafutia dawa katikati ya wimbo. Picha za kumulikwa ukutani ni mila ya zamani ya muziki huu, na Cabaret Voltaire walizitumia sana. Ziwe picha za vitu na si za viongozi, na zisiende sambamba na mdundo.

Mkifika kwenye kutoa rekodi, fanyeni mambo yenu hadharani. Scritti Politti, bendi nyingine ya wakati ule, walipotoa santuri yao ya kwanza mwaka 1978, walichapa juu ya jalada gharama zote za kuitengeneza ili mwingine aone kwamba naye anaweza. Lebo ya Rough Trade ilikuwa ikigawana faida nusu kwa nusu na wasanii baada ya gharama kutolewa, na mpango wa namna hiyo bado ni mzuri kuuomba kwa lebo yoyote ndogo. Wanakikundi wa Test Dept walikwenda mbali zaidi: wakati wa mgomo wa wachimba makaa ya mawe wa Uingereza wa mwaka 1984 hadi 1985, walirekodi albamu pamoja na kwaya ya wachimbaji waliogoma wa Wales Kusini, kelele za vyuma upande mmoja na sauti za wanaume wa migodini upande wa pili. Nanyi mkialikwa kupiga kwa ajili ya kundi lililo katika mgogoro, waulizeni kwanza wanataka nini kutoka kwenu, kwa sababu huenda wanahitaji spika zenu kuliko nyimbo zenu. Mkubaliane kwa maandishi fedha za mlangoni zitakwenda wapi, na mtu wa kuzihesabu asitoke kwenye bendi.