Namna ya kuwaona ndege wa Mtera wakila kwa akili

Watu wa Dom (Dodoma) wengi tukishuka Mtera tunanunua perege wetu tunaendelea na safari ya Iringa, na ndege wako palepale bwawani wanafanya mambo ya akili kabisa. Ukitaka kuyaona, acha kuangalia kundi. Chagua ndege mmoja ukae naye hata nusu saa, maana kundi linapendeza kwa picha ila ujanja unauona kwa mmoja mmoja.

Nenda kiangazi, Agosti mpaka Oktoba hivi, maji yakipungua samaki wanabanana na ndege wanajazana. Fika asubuhi, jua likae mgongoni kwako. Darubini ikiwepo safi sana, kama huna basi simu ya kuzuum. Ukingoni usisogee, mamba na viboko wapo, waulize wavuvi pa kukaa.

Anza na yangeyange mdogo, yule mweupe mwenye miguu myeusi na vidole vya njano. Muangalie mguu, sio mdomo. Anautanguliza mbele anautetemesha kwenye tope taratibu, visamaki na vidudu vikishtuka vikatoka tu anadonoa, alafu anasogea hatua anarudia tena, yaani anawatoa mafichoni kwa makusudi. Cheki kama anafanya hivyo kila mahali au kwenye tope tu.

Mwari weupe wakubwa ndo noma zaidi, wanaogelea wamejipanga nusu duara wanawasukuma samaki kwenye maji mafupi, alafu vichwa vinazama karibu pamoja. Rekodi video, ukiwa nyumbani irudishe polepole uone nani anaanza.

Kuna na jaribio la kufanya mwenyewe. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, waliweka mfuko wa chipsi chini, wakakuta shakwe, wale ndege wa baharini, wanachelewa kuufuata kwa wastani wa sekunde 21 zaidi mtu akiwakodolea macho kuliko akiangalia pembeni. Sasa wewe jaribu kwa kunguru pale wavuvi wanapotumbua samaki: simama mbali kidogo, mkodolee macho, hesabu sekunde mpaka asogelee matumbo, alafu siku nyingine geuza uso uhesabu tena. Rudia kwa kunguru tofauti, mara moja haitoshi kusema lolote. Na tafadhali usiwarushie chakula chako, wanazoea watu vibaya, matumbo ya wavuvi yanatosha kabisa.