Kabla ya kuhama kutoka mysql_query: mambo ya kuzingatia

Ukikabidhiwa programu ya zamani ya shule au ya famasi hapa Bukavu, huenda ukaikuta imejaa mysql_query na mysql_fetch_array, yaani amri za zamani za lugha ya PHP za kuzungumza na hifadhidata ya MySQL. Kama zibaki au ziondoke si mjadala tena. PHP 5.5 ya mwaka 2013 ilitangaza kwamba zimepitwa na wakati, na PHP 7.0 ya Desemba 2015 ikazing'oa kabisa. Anayezing'ang'ania amefungwa kwenye PHP 5.6, iliyoacha kupata marekebisho ya usalama mwishoni mwa 2018. Kilichobaki ni utaratibu wa kuhama.

Tazama kwanza seva inatumia toleo gani. Ikiwa ni 5.6, usiipandishe bado: humo amri za zamani na njia mpya (mysqli na PDO) zinafanya kazi pamoja, kwa hiyo unahamisha faili moja moja huku karani akiendelea kupokea malipo. PHP ipande mwisho. Anayeanza na kuipandisha atakuta asubuhi kurasa hazifunguki, na wazazi wamepanga foleni.

Chukua nakala ya hifadhidata kwa mysqldump, programu inayokuja na MySQL, halafu irudishe kwenye kompyuta nyingine uone kama data imo. Umeme wetu mnaujua. Betri ziwe zimejaa.

Kisha chagua moja kati ya njia mbili mpya. mysqli ni ya MySQL na MariaDB tu. PDO inafika hata hifadhidata nyingine kama PostgreSQL na SQLite. Mimi huchukua PDO, ila mysqli nayo si mbaya.

Kisichofaa ni kuongeza herufi i kila mahali na kusema umemaliza. mysqli_query inataka muunganisho na hifadhidata kwanza, agizo la SQL (lugha ya kuiuliza hifadhidata) baadaye. Ya zamani ilikuwa kinyume, na muunganisho uliweza hata kuuacha. Zaidi ya hapo, ukiendelea kubandika maandishi ya mtumiaji ndani ya SQL, hujapata kitu. Faida iko kwenye prepare: unaweka alama ya kuuliza mahali pa thamani, na thamani yenyewe unaipeleka kando wakati wa execute.

Sisi tuna kipimo chetu cha jambo hili. Wanawake wengi wa Kishi, kabila la hapa kwetu, wana majina yanayoanza na M', na ritifaa hiyo moja inatosha kukata agizo lililobandikwa vibaya. Mlango unaoangusha jina la mwanafunzi ndio huohuo mwizi anapitishia SQL yake. Ila ukishatumia prepare, ondoa mysql_real_escape_string za zamani, zilizokuwa zikiweka alama ya mkwaju wa nyuma (\) mbele ya ritifaa, la sivyo jina litahifadhiwa na alama hiyo ndani yake. Na utaje utf8mb4, mfumo wa kuandika herufi, wakati wa kuunganisha, ili Thérèse abaki Thérèse.

Tangu PHP 8.0 kwa PDO, na 8.1 kwa mysqli, agizo likishindwa linarusha eksepsheni (kosa linalosimamisha programu lisiposhughulikiwa) badala ya kurudisha false kimyakimya, hivyo zile "or die" za zamani, zilizosimamisha programu zikipata false, hazifikiwi. Kwenye PDO, washa ERRMODE_EXCEPTION ukiwa bado kwenye 5.6, makosa yajitokeze kabla hujapandisha toleo.