Namna ya kutumia krimu ya pilipili kwa maumivu sugu ya neva

Mtu aliyepona mkanda wa jeshi lakini ngozi ikabaki na maumivu yasiyokwisha, au mwenye kisukari ambaye nyayo humwaka moto usiku, huenda akaandikiwa na daktari krimu ya pilipili. Wengi huiacha siku za mwanzo kwa sababu inawasha kuliko walivyotarajia, na ninawasihi kwanza waelewe mwasho huo unatoka wapi.

Ncha za neva za maumivu zina vijilango vya protini vinavyopitisha ayoni, yaani chembe zenye chaji ya umeme. Kimojawapo, kiitwacho TRPV1, hufunguka joto linapozidi nyuzi 43 hivi za Selsiasi, na hufunguliwa vilevile na kapsaisini, ambayo ndiyo ukali wa pilipili. Mwanasayansi David Julius na wenzake walikitambua mwaka 1997, na mwaka 2021 Julius na mwanasayansi mwingine, Ardem Patapoutian, wakapewa Tuzo ya Nobel. Penye uvimbe wa ugonjwa, kijilango hiki hufunguka hata kwa joto dogo, ndiyo maana maji ya vuguvugu huweza kuunguza kama yanayochemka. Kapsaisini ikikishikilia wazi siku baada ya siku, kalsiamu huingia kwa wingi, kijilango huacha kuitika, na ncha ya neva hunywea kwa muda, hivyo maumivu hupungua.

Kwa hiyo paka bila kuruka, kwa kawaida mara tatu au nne kwa siku, zikipishana kwa saa nne au zaidi, kiasi cha punje ya mbaazi kikisuguliwa hadi kipotee. Anayeruka hurudia mwasho wa siku ya kwanza kila mara. Usipake penye kidonda, na mwenye kisukari akague nyayo zake kwa macho, kwani huenda asihisi jeraha. Usioge maji ya moto muda mfupi kabla au baada ya kupaka.

Aliyewahi kukata pilipili mbuzi kisha akagusa jicho anajua kwamba maji matupu hayasaidii: kapsaisini huyeyuka katika mafuta, basi ukimaliza kupaka krimu futa vidole kwa mafuta ya kupikia, halafu nawa kwa sabuni.

Nafuu ya neva huchukua wiki mbili hadi nne. Wiki nane zikipita bila mabadiliko, rudi kwa daktari, kwa kuwa zipo dawa za kumeza zinazolenga vijilango vingine, kama kabamazepini kwa vile vya sodiamu na gabapentini kwa vile vya kalsiamu; hizo haziachwi ghafla.