Somo: Kuchagua lokesheni za filamu ya taharuki ya wanafunzi

Wanafunzi wengi wakipewa kazi ya filamu ya taharuki hukimbilia magofu: madirisha yamevunjika, kuta zina masizi. Mimi nawaambia yaacheni. Gofu humtangazia mtazamaji kwamba kuna baya linakuja kabla mwigizaji hajafungua mdomo. Korido ya kawaida iliyozimwa taa moja inatisha zaidi, tena ina soketi ya kuchajia betri.

Hatua ya 1. Rudi kwenye skripti. Kwa kila sini andika inahitaji nini, si inafanyika wapi tu. "Stoo, usiku" haikusaidii kitu. "Anasikia mtu ila hamwoni, na mlango pekee uko upande wa huyo mtu" inakusaidia: sasa unajua unatafuta chumba kirefu, mlango mmoja, na rafu au kabati la kumficha mtu.

Hatua ya 2. Punguza. Kila mnapohama mnafungasha, mnabeba, mnapanga taa upya, na siku imeisha. Kwa filamu ya dakika kumi, lokesheni mbili zinatosha. Karibu filamu yote ya 12 Angry Men, ya mwaka 1957, inafanyika ndani ya chumba kimoja. Mwongozaji wake, Sidney Lumet, alikifanya kionekane kinazidi kubana kwa kutoka lenzi pana (inayoonyesha eneo kubwa) kwenda ndefu (inayovuta vitu karibu), huku kamera ikishuka kidogo kidogo.

Hatua ya 3. Nenda saa ileile mtakayoshuti, ukasikilize. Hapa ndipo wengi wanapofeli, kwa sababu wanakwenda na macho tu. Zimeni simu, simameni kimya dakika mbili. Feni, jenereta ya jirani, watoto wanaotoka shule: vyote vitaingia kwenye maikrofoni, na taharuki bila ukimya haipo. Friji mtaizima, lakini weka funguo zako ndani yake. Hutaondoka bila kukumbuka kuiwasha. Kisha piga kofi moja. Sauti ikirudi, mazungumzo yatasikika kama mko bafuni, kwa hiyo njooni na mablanketi ya kutandika sakafuni na kutundika nje ya fremu.

Hatua ya 4. Mwanga na nafasi. Ukuta mweupe unarudisha mwanga kila upande, giza lako linakuwa kijivu. Simama konani na kamera uone kama mwigizaji anaenea mzima, halafu kumbuka kuna stendi, taa na mtu wa maikrofoni. Taa za tyubu zikileta mistari kwenye picha, weka shata (muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila picha) sekunde 1/50 au 1/100 palipo na umeme wa hezi 50, au 1/60 palipo na hezi 60.

Hatua ya 5. Ruhusa ya maandishi: tarehe, saa, vyumba gani, nani mwenye ufunguo. Kama kuna bastola ya bandia, polisi na majirani wajulishwe mapema, na isitoke nje ya eneo la kushuti hata kwa utani.

MASWALI YA WANACHAMA

Asante kwa somo, mwalimu. Sini yetu ni ya usiku lakini mwenye jengo anataka tuondoke kabla jua halijazama. Tufanyeje?

Kama ni ya ndani, hamna shida. Zibeni madirisha kwa nje kwa kitambaa cheusi, mkiacha nafasi kati ya kitambaa na kioo, mtegeshe humo taa hafifu ya samawati. Ya nje ombeni siku nyingine.

Mkuu, tumepata paa la ghorofa kwa ajili ya mwisho wa filamu. Ni pazuri balaa!

Lina ukuta wa kuzuia unaofika kifuani? Kama halina, msipande. Na hata likiwa nao, upepo utaimeza sauti. Mwekeni mwigizaji kwenye kijiukuta kifupi hapo chini, kamera imtazame kutoka chini, nyuma yake anga tupu. Picha ya kutazama barabarani ichukuliwe peke yake, kupitia dirisha la juu lililofungwa.

Nyumba moja inaweza kuigiza nyumba mbili?

Inaweza. Badilini mapazia, sogezeni meza, shutini kuelekea upande ambao haujaonekana. Kinachowaumbua watu ni milango: kitasa kilekile kikionekana mara mbili kwa karibu, mtazamaji anakitambua. Nyumba ya pili muingie kwa mlango wa nyuma.