Pipa la mboji halizalishi joto: acheni kulilisha maganda matupu

Mapipa ya mboji yenye kuta nene za kuhifadhi joto si ya bei ya kutupa, na bado watu wengi huyageuza kuwa mapipa ya uvundo kabla hata mwezi wa kwanza haujaisha. Malalamiko ni yale yale: joto halipandi, harufu haivumiliki, maji meusi yanachuruzika chini ya mlango, nzi wamejaa. Ukifungua mfuniko unakuta maganda ya mboga, matunda yaliyooza, mabaki ya sahani na nyasi mbichi, vimeshindiliwa hadi juu bila kitu kikavu. Ukiuliza makavu yako wapi, unajibiwa kwamba yaliwekwa kidogo mwanzoni.

Kidogo mwanzoni hakitoshi. Kikavu kinaingia kila mara kibichi kinapoingia, siku ile ile, kwa kipimo. Kwamba mboji inafaa udongo, na kwamba kibichi huchanganywa na kikavu, mnajua; sitarudia. Nataka tuzungumzie kiasi, maana hapo ndipo pipa linapofia.

Kwanza tuondoe dhana moja. Pipa hili ni kama chupa ya chai: ukitia chai baridi haitachemka kwa sababu chupa ni nzuri. Joto linatoka kwa bakteria wanaokula taka huku wakivuta oksijeni, na kazi ya ukuta ni kulizuia lisipotee. Rundo la wazi huhitaji ukubwa wa karibu mita moja kwa kila upande ili lijihifadhie joto lake, lakini pipa lenye kuta nene linaweza kufika nyuzi 60 za Selsiasi kwa lita 200 tu za taka. Bakteria wakikosa hewa, nafasi yao huchukuliwa na wale wasiohitaji oksijeni. Hao hutoa joto dogo mno, na ndio wenye ile harufu ya mayai viza.

Hewa inapoteaje ndani ya pipa ambalo halijajaa? Maji ndiyo yanayoiziba. Taka za jikoni ni maji kwa takriban asilimia 80. Ukitia kilo 10 za maganda umetia kilo 8 za maji, na zilizobaki ni kilo 2 tu za chakula cha bakteria. Maganda yakilainika hulalana, nafasi kati yake hujaa maji, na oksijeni hupenya ndani ya maji polepole mara elfu 10 kuliko inavyopenya hewani. Unyevu unaotakiwa ni kati ya asilimia 50 na 60. Pipa lenye joto hutoa sehemu ya maji kama mvuke, lakini pipa baridi halitoi chochote. Kwa hiyo anayeanza vibaya huendelea kuharibikiwa: maji huzuia joto, na joto likikosekana maji hayaondoki.

Sasa vipimo. Chukua ndoo moja ya lita 10 na uitumie hiyo hiyo kupimia kila kitu, siyo leo ndoo na kesho kiganja. Kwa kila ndoo kamili ya taka za jikoni, weka nusu ndoo ya karatasi au maboksi yaliyochanwachanwa, na juu yake lita 2 za vibanzi vya matawi, yaani matawi yaliyokatwakatwa kwa mashine au kwa panga. Changanya kabla ya kumwaga ndani, au mwaga kisha uchanganye na sentimita 15 hadi 20 za juu. Usitandaze tabaka juu ya tabaka, kwa sababu tabaka la maganda peke yake hubaki tope hata likifunikwa na karatasi nyingi namna gani. Nyasi mbichi zilizotoka kukatwa zipe kipimo hicho hicho na uzichanganye kwa bidii zaidi, kwani zikiachwa peke yake hugandamana kama mkeka na kunuka amonia.

Karatasi na vibanzi havifanyi kazi moja, na hapa ndipo hata wale wanaojitahidi wanapokosea. Karatasi hunyonya maji na kuongeza kaboni. Vibanzi hushikilia nafasi za hewa zisibomoke taka zinapolainika. Ukiweka karatasi bila vibanzi, baada ya wiki moja una uji mzito. Ukiweka vibanzi bila karatasi, hewa itakuwepo lakini maji yatajikusanya chini. Na vumbi la mbao, tafadhali, si vibanzi. Linanyonya maji, ndiyo, ila chembe zake ni ndogo mno, linaziba kila mwanya, na kaboni yake ni nyingi kiasi kwamba likizidi huichelewesha kazi yote. Vibanzi viwe na unene wa sentimita 1 hadi 4. Havitaoza upesi na havitakiwi kuoza upesi: utavichekecha wakati wa kuvuna na kuvirudisha ndani.

Maboksi yachane vipande visivyozidi kiganja, uondoe utepe wa plastiki na karatasi zinazong'aa. Gazeti zima lililokunjwa utalikuta vile vile baada ya miezi mitatu, limelowa kama kitambaa cha deki. Maganda magumu na mabua nayo yakate yawe sentimita 2 hadi 5. Usiyasage: taka zilizosagwa zikawa rojo hazina tofauti na kumwaga maji.

Wanaopenda hesabu ya kaboni na nitrojeni wanajua shabaha ni kati ya sehemu 25 na 30 za kaboni kwa moja ya nitrojeni. Taka za jikoni ziko karibu na 15 hadi 20, na maboksi yako juu ya 300, ndiyo maana nusu ndoo inatosha upande huo. Lakini kusema kweli, mapipa mengi hufa kwa maji kabla ya hesabu hiyo kupata nafasi ya kukosewa. Kipimo cha mkono kinakufaa zaidi: chukua konzi ya mchanganyiko, uiminye kwa nguvu zote. Yakitoka matone mawili matatu, sawa. Yakitiririka kati ya vidole, ongeza karatasi na vibanzi papo hapo, kabla ya kufunga mfuniko. Usiseme utaongeza wiki ijayo.

Wakati wa kuanza pipa jipya ongeza zaidi: ndoo moja ya karatasi kwa ndoo moja ya maganda, kwa sababu bado hakuna joto la kukausha. Chini kabisa tandaza sentimita 10 za vibanzi vikubwa au vijiti ili hewa iingie na maji yashuke. Usitarajie joto la kudumu kabla taka hazijafika kimo cha sentimita 40. Kukiwa na baridi, chukua chupa ngumu ya lita 2 inayohimili maji moto, ijaze, ifunge barabara na uifukie katikati ya taka mpya. Irudie kila maji yakipoa, kwa siku mbili au tatu. Inawaamsha bakteria, basi. Haiponyi taka zilizolowa, na nimeona watu wakibadilisha chupa asubuhi na jioni juu ya tope lisilo na hata kibanzi kimoja.

Ulishaji uwe mara mbili kwa wiki, jumla isipungue kilo 5. Bakteria wa joto wanamaliza chakula chepesi kwa siku chache, na ukikaa wiki tatu bila kuwapa kitu usishangae pipa kupoa. Pima joto sentimita 10 chini ya uso wa taka, saa 24 hadi 48 baada ya kulisha. Chini ya nyuzi 40 pipa limelala. Kati ya 40 na 60 ndipo pa kufanyia kazi, na nyuzi 55 zikidumu siku tatu mfululizo huua mbegu nyingi za magugu na vimelea vingi vya maradhi katika sehemu iliyopata joto hilo. Joto likikaribia 70, pumzika kulisha kwa muda, maana hapo hata bakteria wako wanaanza kufa.

Tundu la hewa kwenye mfuniko liache wazi upana wa milimita chache. Wapo wanaolifunga kabisa eti joto lisitoke. Unawanyima bakteria hewa kisha unalalamika hawafanyi kazi!

Kwa aliyekwisha kuharibu: usitupe, na usimwage chokaa. Chokaa hufukuza nitrojeni ikatoka kama amonia, na tope hubaki tope. Fungua mlango wa chini maji yachuruzike. Toa sentimita 40 za juu uzimwage juu ya turubai. Kwa kila ndoo mbili za tope changanya ndoo moja ya karatasi iliyochanwa na ndoo moja ya vibanzi, minya kwa mkono kama nilivyoeleza, kisha rudisha polepole bila kushindilia. Weka chupa ya maji moto katikati. Baada ya saa 48 kipimajoto kionyeshe angalau 40. Kisipoonyesha, bado kuna maji mengi: toa tena, ongeza nusu ndoo ya kila kimoja, na katika siku hizo usitie ganda hata moja jipya.

Mboji ikinukia udongo na usitambue ganda hata moja ndani yake, imeiva.

Usivune kabla ya miezi mitatu tangu pipa lishike joto. Fungua mlango wa chini, toa sentimita 20 hadi 30 za chini tu, chekecha, rudisha vibanzi juu, na uiache mboji ipoe mahali penye kivuli kwa wiki nne nyingine kabla ya kuitumia kwenye kitalu cha miche. Kwa kutandaza chini ya miti iliyokomaa huna haja ya kungoja wiki hizo nne.